Kabla ya kulipia chumba, uliza maji yatoka wapi

Mwulize mkaazi yeyote wa Nairobi au Nakuru angependa kuipeleka jamaa yake wapi likizo ya Desemba, na aghalabu atakutajia Mombasa. Akitaja Mombasa, huwa anafikiria hoteli kubwa ya ghorofa kando ya bahari, yenye vyumba mia mbili, bwawa la kuogelea, muziki hadi usiku wa manane na meza ndefu ya vyakula ambako kila mtu hujipakulia mpaka ashindwe kuinuka. Hakuna ubaya katika hayo. Mtu aliyetoka jasho mwaka mzima ana haki ya kula akashiba. Lakini waulize watoto hao mwaka mmoja baadaye ni nini wanachokikumbuka. Wengi watasema bwawa, na bwawa lipo hata mtaani kwao.

Ipo aina nyingine ya mahali pa kulala ambayo jamaa nyingi za mjini hudhani imetengewa Wazungu peke yao. Ni vijihoteli vya vibanda vitano, sita au saba, vilivyojengwa msituni, kwenye kilima cha wafugaji au kisiwani, na ambavyo wenyewe hujivunia kwamba haviharibu mazingira. Huko hakuna lifti wala televisheni. Taa ni chache na maji hupimwa. Ajabu ni kwamba waliowahi kulala huko hukumbuka hata sauti waliyoisikia usiku.

Tatizo ni kwamba siku hizi kila mwenye paa la makuti na ubao uliopakwa rangi ya kijani hujiita mpenda mazingira. Makuti si ushahidi. Nyuma ya makuti hayo huenda kuna jenereta inayonguruma usiku kucha, bomba la maji machafu linaloelekea baharini, na kijiji kizima ambacho hakijapata hata kazi ya kufagia. Kwa hivyo msomaji anayetaka kuitumia pesa yake vyema hana budi kutazama mambo matatu: maji yatoka wapi na yaenda wapi, taka zatupwa wapi, na pesa anazolipa zaingia mfuko wa nani. Hebu tuone jinsi mambo hayo yanavyokuwa mahali ambapo yamefanywa sawasawa.

Kilima cha Il Ngwesi

Kaskazini mwa Mlima Kenya, ukishaiacha Nanyuki na mashamba ya ngano ya Timau, ardhi huanza kuteremka na kukauka. Migunga huchukua mahali pa ngano, na barabara ya lami hugeuka kuwa ya mawe na vumbi. Huko, katika eneo la Mukogodo, Kaunti ya Laikipia, ndiko kuliko Il Ngwesi, jina ambalo kwa Kimaasai lina maana ya watu wa wanyama.

Mwaka 1996, juu ya kilima kimoja cha huko, kulifunguliwa hoteli ndogo ya vibanda sita. Vibanda hivyo vilijengwa kwa mawe, udongo, nyasi na miti iliyokuwa imekufa yenyewe, na ukivitazama kwa mbali huwezi kujua kwa urahisi ni wapi kilima kinakoishia na nyumba inakoanzia. Upande wa mbele hauna ukuta. Mgeni hulala akitazama bonde lote, na chini yake kuna dimbwi ambako ndovu na wanyama wengine huja kunywa maji. Baadhi ya vitanda vimewekwa magurudumu, hivi kwamba jioni mtu huweza kusukumiwa kitanda chake nje, chandarua na kila kitu, akalala chini ya nyota.

Mtoto aliyezaliwa Buruburu au Kayole, ambaye mbingu yake ya usiku ni nyekundu kwa sababu ya taa za jiji, huenda asilale upesi usiku huo. Atauliza mbona nyota ni nyingi hivyo. Atamsikia fisi na kumshika baba yake mkono. Asubuhi atataka kujua nyayo zilizo karibu na maji ni za nani, na mwelekezi, ambaye ni kijana wa hapo hapo, atamwonyesha tofauti baina ya unyayo wa ndovu dume na wa mtoto wake. Somo la namna hiyo halifundishwi ubaoni.

Maji ya Il Ngwesi hutoka chemchemi iliyo juu zaidi na kuteremka yenyewe kwa bomba bila mtambo wa mafuta. Taa huwashwa kwa nguvu za jua. Lakini jambo kubwa kuliko yote haliwezi kuonekana kwa macho: hoteli hiyo haina tajiri. Mwenyewe ni jamii nzima ya Il Ngwesi, ambayo ardhi yake ni zaidi ya hekta 8,000. Wahudumu, wapishi, waelekezi na askari wa kulinda wanyama wametoka katika jamii hiyo, na mapato yamekuwa yakielekezwa kwenye mambo kama vile karo za watoto, shule na matibabu.

Hofu ya wazee

Haikuwa rahisi. Wazo hilo lilipoletwa katika miaka ya tisini, likiungwa mkono na majirani wao wa hifadhi ya Lewa chini ya Ian Craig pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, baadhi ya wazee walikunja uso. Waliona ni hila ya kuwanyang'anya ardhi: leo wataambiwa watenge sehemu ya wanyama, na kesho wataambiwa wahame.

Anayeijua historia hawezi kuwacheka wazee hao. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilitiliana mkataba na Wamaasai wahame kutoka Bonde la Ufa, na sehemu moja waliyoahidiwa iwe yao ni Laikipia. Hata miaka kumi haikuisha. Mwaka 1911 mkataba mwingine ulitumiwa kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini ili walowezi wachukue malisho hayo. Waliosalia Mukogodo walibaki na ardhi kavu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka huyu alikuwa ameuma mara mbili.

Walichokifanya Il Ngwesi ni kuhakikisha kwamba hati haitoki mikononi mwao. Ardhi yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kikundi chini ya sheria ya mwaka 1968 ya ardhi za vikundi, sheria ambayo nafasi yake sasa imechukuliwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Hoteli nayo ikawa mali ya kikundi. Mgeni huja, hulala, hulipa na kuondoka. Mlima na bonde hubaki na wenyewe. Mwaka 2002 jamii hiyo ilikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Equator inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na ujumbe kutoka jamii nyingine za wafugaji umekuwa ukienda huko kujionea.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba mambo yote ni asali. Ukame unapokuja, mfugaji hutazama nyasi zilizotengewa wanyama na ng'ombe wake waliokonda, na hujiuliza ni kipi kilicho na haki zaidi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa. Katika hali kama hiyo, hifadhi huweza kudumu pale tu jamii inapoona faida yake waziwazi, na inapoweza kukaa chini ya mti na kuamua yenyewe ni lini malisho yafunguliwe na ni lini yafungwe.

Isitoshe, kutegemea wageni wa ng'ambo peke yao ni sawa na kuegemea ukuta mbovu. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje. Vitanda vikabaki vitupu nchini kote. Ndovu hakuacha kuhitaji ulinzi kwa sababu ndege hazitui, na askari anayemlinda hakuacha kula. Hapo ndipo wengi walipokumbuka kwamba Mkenya naye anaweza kuwa mgeni. Jamaa ya kutoka Thika inayolala usiku mbili katika hoteli kama hiyo hailipi pesa nyingi kama za Mwingereza, lakini haihitaji ndege, na huweza kuja hata mwezi ambao Mwingereza yuko kwao.

Kisiwa kisicho na kisima

Kutoka milima ya Laikipia sasa twendeni baharini, tena tuvuke mpaka hadi Unguja, kwa sababu huko kuna mfano ambao kila mwenye hoteli ya pwani yetu angefaa kuutazama.

Chumbe ni kisiwa kidogo kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar, mwendo usiozidi saa moja kwa mashua ya mtambo. Kina msitu, msikiti wa kale na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 kuongoza vyombo. Upande wake wa magharibi kuna mwamba wa matumbawe ulioponea mambo mengi kwa kuwa wavuvi hawakuruhusiwa kuvua karibu na njia ya meli. Mwaka 1991 mwanamke Mjerumani aitwaye Sibylle Riedmiller alianza mpango wa kuulinda mwamba huo, na mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza rasmi kuwa hifadhi. Hoteli yenyewe ilianza kupokea wageni mwaka 1998. Ina vibanda saba tu.

Kisiwani Chumbe hakuna kisima wala chemchemi. Mahali pengine popote mwekezaji angeleta maji kwa mashua, au angechimba mpaka afikie maji ya chumvi. Chumbe waliamua kwamba nyumba yenyewe iwe ndiyo kisima. Paa la kila kibanda limejengwa kwa umbo la kukinga mvua. Maji huteremka, hupita katika changarawe na mchanga wa kuyachuja, kisha huingia katika hodhi lililo chini ya sakafu. Kutoka hapo huvutwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye tangi, na jua huyapasha moto. Mvua ya masika ndiyo mtu anayoogea Agosti.

Maji yaliyokwisha kuogewa hayaendi baharini. Huelekezwa kwenye vitalu vya mimea inayopenda uchafu huo na kuula kabla haujafikia matumbawe. Vyoo navyo havitumii maji hata tone. Badala ya kuvuta mnyororo, mgeni hutupia konzi ya majani makavu ya msituni, na uchafu hugeuka mboji polepole bila harufu. Wako wanaokunja pua wakisikia habari hizo. Wakishaingia mara moja hushangaa kuona kwamba choo hicho hakina harufu kama vile vyoo vingi vya mjini.

Kwa nini bidii yote hiyo kwa sababu ya maji machafu? Jibu limo katika mwamba. Tumbawe ni mnyama, ijapokuwa wengi hudhani ni jiwe. Huishi katika maji safi yanayopenya mwanga. Maji ya vyoo na sabuni yakimwagwa baharini huleta mbolea nyingi, mwani hunawiri na kumfunika, naye hukosa mwanga na kufa. Tumbawe akifa, samaki waliokuwa wakijificha na kuzaliana humo huondoka, na mvuvi wa jirani hurudi na dema tupu. Hivyo bomba moja la hoteli huweza kuondoa kitoweo katika nyumba za watu ambao hawajawahi hata kukanyaga mlango wa hoteli hiyo.

Usiku, vijia vya Chumbe havina taa. Kila mgeni hupewa kurunzi, maana mwanga mkali huwavuruga viumbe wa usiku. Mwenye bahati hukutana na kaa mkubwa apandaye minazi, kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anayeweza kubanja nazi kwa koleo zake. Alfajiri, bila kutoka kitandani, mgeni huweza kuteremsha ukuta wa mbele, uliosukwa kwa makuti, na kuiona bahari yote. Maji yakipwa, hutembezwa ufukoni na walinzi wa kisiwa, ambao wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Walinzi hao hawana bunduki. Mvuvi akikaribia mwamba, humwendea kwa mashua na kumweleza kwamba samaki wanaozaliwa hapo ndio watakaoogelea nje ya mpaka kesho na kuingia katika nyavu zake.

Jambo jingine la kupendeza ni kwamba pesa za wageni hao husaidia kuwaleta watoto wa shule za Unguja kuuona mwamba. Wengi wao, hasa wasichana, walikuwa wamekulia kisiwani bila kujua kuogelea na bila kuona kilicho chini ya maji ambayo wazazi wao huvua kila siku. Huvishwa makoti ya kuelea, huwekewa miwani, na kuinamisha uso majini kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliitunukia Chumbe tuzo yake ya Global 500 ya watunza mazingira.

Wenye mfuko mwembamba

Hapa msomaji atasema: maneno ni matamu, lakini karo ya Januari inaningoja. Ni kweli. Bei za Il Ngwesi na Chumbe si za kila mfuko, hata wanapopunguziwa wenyeji. Lakini funzo lake hupatikana pia mahali ambapo mwalimu au mwanafunzi anaweza kufika kwa matatu.

Chukua msitu wa Kakamega, sehemu ya mwisho nchini Kenya ya ule msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulienea kutoka Afrika ya Kati. Kutoka Kisumu ni safari fupi. Upande wa Isecheno, vijana wa hapo walianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwafundisha watoto wa shule za jirani kuhusu msitu, unaojulikana kwa kifupi kama KEEP. Wana vibanda vya kawaida vya kulala wageni, na waelekezi wanaoujua mti mmoja mmoja kwa jina la Kiluhya, jina la kisayansi na ugonjwa unaotibiwa na gome lake. Upande wa kaskazini, Buyangu, KWS nayo ina vibanda vya bei nafuu. Ukiwa Isecheno, amka saa kumi na moja alfajiri, upande kilima cha Lirhanda na kulitazama jua likichomoza juu ya msitu ungali umejifunika ukungu. Kilimani hapo kuna pango lililochimbwa na watafuta dhahabu enzi za ukoloni. Dhahabu iliisha, popo wakahamia.

Au shuka pwani hadi Watamu. Karibu na hori la Mida, shirika la A Rocha Kenya lina nyumba ya wageni iitwayo Mwamba, ambako watafiti, wanafunzi na watalii hula meza moja. Hapo Mida kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye banda la kutazamia ndege. Kiingilio cha daraja hilo kina kazi maalumu: tangu mwaka 2001 mpango uitwao ASSETS umekuwa ukizitumia pesa za namna hiyo kuwalipia karo ya sekondari watoto wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi anayejua kwamba msitu ndio uliomsomesha mwanawe hana sababu ya kuuingia na shoka. Karibu na hapo, Gede, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima hufuga vipepeo wa msituni na kuuza mabuu yake ng'ambo.

Kusini mwa Mombasa, katika kijiji cha Gazi, Kaunti ya Kwale, akina mama wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko. Ukiwapa habari mapema watakupikia samaki wa nazi. Kijiji hicho ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, na kutumia mapato hayo kwa maji na shule. Huko waweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, ukaokoa hata pesa za kulala.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla hujatuma malipo, piga simu. Mwenye hoteli safi hatachukizwa na maswali haya. Atayafurahia.

Kwanza: maji yenu yatoka wapi, na yakishatumika yaenda wapi? Ukijibiwa kwamba kuna shimo, uliza liko umbali gani kutoka kisima na bahari.

Pili: umeme na moto wa kupikia watoka wapi? Mahali panapopikia wageni arobaini kwa makaa ya mkaa wa msitu ule ule wanaojidai kuulinda, hapo pana kasoro.

Tatu: taka ngumu zaenda wapi? Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Hoteli ya msituni inayokupa chupa ndogo ya maji ya plastiki kila mlo haikuisoma sheria hiyo.

Nne: wafanyakazi wangapi ni wa hapa, na yupo hata mmoja wao aliye meneja? Jirani anayepewa kazi ya kulinda lango peke yake bado hajapewa sehemu yake.

Tano: ardhi ni ya nani, na jamii hulipwa vipi? Kwa kila mgeni, kwa kila mwezi, au kwa hisani ya mwenye hoteli anapojisikia?

Sita: mna cheti? Chama cha Ecotourism Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, hukagua hoteli na kuzipa vyeti vya shaba, fedha au dhahabu kulingana na jinsi zinavyotunza mazingira na kuwajali majirani. Cheti si kila kitu, lakini ni afadhali kuliko ubao wa kijani.

Usisahau pia kuuliza bei ya mwananchi, na bei ya miezi ambayo wageni ni wachache, hasa Mei na Novemba. Hoteli nyingi huwa na bei hizo lakini hazizitaji mpaka ziulizwe. Jamaa mbili au tatu zikiungana, huweza kukodi vibanda vyote na kugawana gharama ya gari.

Mgeni naye ana wajibu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akaukiwe na maji. Mtu anayeoga nusu saa katika nchi ambako mama mwingine ametembea kutwa kutafuta mtungi mmoja amewanywea wenyeji maji yao, hata kama amelipa. Acha redio nyumbani. Usiokote kombe wala kuvunja kipande cha tumbawe kwa ajili ya kabati la sebuleni. Usimpige mtu picha kabla hujamwamkia na kumwomba ruhusa. Ukitaka kununua shanga, nunua kwa mama aliyezitunga, na usimpigishe bei mpaka jasho limtoke kwa sababu ya shilingi hamsini ambazo mjini ungemwachia makanga bila kuuliza chenji.

Watoto nao wasichukuliwe kama mizigo. Wape daftari waandike majina ya ndege na miti waliyoonyeshwa. Wape kazi ya kuvuta pampu, kama ipo. Kijana wa kidato cha pili anayesoma juu ya mikoko ili apite mtihani ataielewa kwa dakika kumi akiwa amesimama juu ya daraja la Mida, matope yakitoa mapovu chini yake na kaa wadogo wakikimbilia mashimoni.

Ikiwa jamaa yako ina uwezo wa safari moja tu mwaka huu, hesabuni pamoja mezani kabla ya shule kufungwa. Huenda mkaona kwamba gharama ya usiku tatu katika hoteli kubwa ya ghorofa yatosha usiku nne Isecheno au Watamu, pamoja na nauli. Kisha mpigie simu mwenyeji wenu, na swali lako la kwanza liwe juu ya maji.